"Kama una haraka, hamia mjini": mimi na basi la mwisho wa njia

Nyota moja kwa huduma ya mabasi ya kwetu. Nimeanza na hukumu kwa makusudi, maana najijua, nikianza kusimulia nitalegea, na yule mtu wa dirishani hastahili mimi nilegee.

Anayetaka ratiba na nauli akasome kituoni, vimebandikwa. Mimi nina sentensi moja tu ya kuzungumzia. Niliambiwa wiki moja ya mvua, sikumbuki ilikuwa Jumanne au Jumatano, na mhudumu wa dirisha la kadi: "Dada yangu, kama una haraka, hamia mjini."

Ilikuwa hivi. Asubuhi basi letu lilikata roho juu ya daraja. Ilianza harufu ya mkanda ulioungua, zikafuata taa za pale mbele ya dereva kuwaka zote kwa pamoja kama za sherehe, kisha kimya. Dereva hakutamka neno. Akavuta breki, akabonyeza kufungua mlango, mlango ukafunguka nusu ukakwama. Tukawa tunatoka ubavu ubavu, mmoja mmoja. Mama mmoja ilibidi amfungue mtoto mgongoni, ampitishe kwa mtu aliyekwishatoka, ndipo na yeye ajipenyeze. Mtoto hakulia. Alikuwa anatutazama tu, watu wazima tunavyohangaika.

Tukapanga mstari kando ya daraja, mvua inatupiga. Basi la nyuma likapita limejaa hadi vioo vimefanya ukungu, dereva akatupungia mkono. Kwaheri! Lililofuata likasimama. Napitisha kadi, mashine ikalia, nauli imekatwa upya. Nikamwambia konda tumeshalipa kwenye lile bovu. Akasema, "Mashine haijui habari za bovu, panda." Nikapanda, ningefanyaje? Kazini nilifika saa tatu na nusu badala ya saa mbili. Ya huko siyasemi, kila mwenye bosi anayajua.

Jioni nikaenda dirishani. Kwenye kioo kuna karatasi: GONGA MARA MOJA TU. Nikagonga mara moja. Nikasubiri. Namwona ndani, anapanga zile rola za karatasi za risiti, anazisimamisha safu safu, anazipangua, anaanza upya. Nikagonga mara ya pili. Hakuinuka. Aliielekeza kalamu kwenye ile karatasi.

"Habari za jioni, kaka."

"Soma tangazo."

"Nimesoma. Asubuhi basi liliharibika, nimekatwa nauli mara mbili. Naomba nirudishiwe moja."

"Mfumo haurudishi."

"Si mfumo ndio uliokata?"

"Mfumo unakata. Haurudishi."

Hapo nikaanza kumweleza, na nakiri sauti ilipanda: kwamba natoka nyumbani bado giza, nimechelewa kazini kwa ajili ya gari lao, na sasa nalipia mara mbili huo huo uchelewaji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha kwa upole kabisa, upole wa shangazi anayekushauri mambo ya ndoa, akaniambia kama nina haraka nihamie mjini. Akasukuma kidirisha kwa kiwiko, kikafunga.

Majibu ya hovyo nimeyazoea, ukipanda basi kila siku ngozi inakuwa ngumu. Hili limenikaa kooni kwa sababu mjini ndiko nilikotoka. Nilikaa huko miaka mitatu hivi, kwenye chumba ambacho nikiwa kitandani nilifikia jiko kwa mkono. Wageni wakija wawili, mmoja alikaa mlangoni, miguu nje. Kazini nilikwenda kwa miguu, robo saa, nikifika sijatoa jasho. Ila kodi ilimeza nusu ya mshahara. Nusu! Kule Marekani, kwenye nyumba za umma, mpangaji alikuwa analipa robo ya kipato, mpaka mwaka 1981 wakapandisha ikawa asilimia 30, na tangu hapo hiyo 30 watu wa nyumba na mipango miji wanaikariri kama aya. Mimi nilikuwa kwenye 50, na maji sijahesabu.

Ndipo dalali akanipatia vyumba viwili huku mwisho wa njia ya basi. Kodi robo ya mshahara. "Dakika tano tu kutoka kituoni." Dakika tano za dalali sijui zinapimwa kwa saa gani. Nimezipima kwa miguu yangu, bila mzigo na bila tope: kumi na saba.

Nilivyorudi nyumbani usiku ule wa dirishani sikulala, nikachukua kalamu. Kodi robo, nauli kama sehemu ya kumi ya mshahara, jumla asilimia 35. Mjini nilikuwa nalipa 50. Kwa hiyo kuhama kumeniachia asilimia 15. Haya, nimeitolea nini? Saa mbili za safari kila siku, kwenda na kurudi, siku 22 za kazi, saa 44 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya wiki nzima ya kazi, nimeipitisha nikiwa nimeng'ang'ania bomba. Na asilimia 15 ya mshahara wangu ni malipo ya kama saa 26 za kazi. Maana yake nimeuza saa 44 kwa bei ya 26. Kile kiti cha basi, tena siku nikikipata, kinanilipa chini ya kile cha ofisini, na cha ofisini chenyewe najua kinavyonilipa.

Nikakasirika upya. Nikasema kesho namrudia yule kaka na karatasi yangu ya hesabu, naibandika kwenye kioo juu ya tangazo lake.

Halafu nikakumbuka kwamba mjini nako nilikuwa natembea, nusu saa kwa siku ukijumlisha kwenda na kurudi. Kwa haki, hiyo nitoe. Zinabaki saa 33. Kuuza 33 kwa bei ya 26 si wizi mkubwa hivyo, ni biashara mbaya ya kawaida. Na huku nina dirisha linaloangalia mti. Na mdogo wangu akija analala chumba cha pili kama mtu, hakunjwi kama shati.

Nyota mbili basi. Kwa ajili ya mti.

Ila hesabu hiyo ni ya siku njema, siku ambayo basi linakuja. Kituoni kwetu kuna ubao wa taa unaokuambia basi lijalo liko dakika ngapi. Asubuhi unasema dakika 3. Unasubiri, unatazama, bado 3. Mzee mmoja tunayepanda naye, nikimwamkia shikamoo anajibu, "Marahaba mwanangu, bado tatu?" Zinaweza kukaa tatu robo saa nzima. Kisha yanatokea mabasi mawili yamefuatana kama bata na kifaranga, la mbele limefurika, la nyuma viti vitupu. Zamani nilidhani madereva wanapiga soga njiani. Kumbe jambo hili watu wa hesabu walishaliandika tangu miaka ya 1960, na ni rahisi. Basi likichelewa kidogo, kituo kinachofuata linakuta watu wengi zaidi, kuwapakia kunalichelewesha zaidi, na la nyuma yake linakuta vituo vimeshafagiliwa, linakimbia tu mpaka linamshika mwenzake mkia. Asipowekwa mtu wa kulizuia la nyuma lisubiri, yatakwenda yameshikana hivyo hivyo hadi mwisho.

Na ofisini kwao karatasi inasoma vizuri. Mabasi sita kwa saa, sita yamepita. Ila yakija moja moja kila dakika 10, mimi ninayefika tu kituoni nasubiri kama dakika 5 kwa wastani. Yakija mawili mawili kila dakika 20, nasubiri 10. Mabasi ni yale yale, dereva ni wale wale, mafuta ni yale yale, na maisha yangu yamekatwa mara mbili kama nauli. Hili nalo mfumo haurudishi.

Msinione mimi ni mdeko. Mwaka 2004 akina Daniel Kahneman, mwanasaikolojia, na Alan Krueger, mchumi, walitoa utafiti ambamo wanawake 909 wenye ajira huko Texas waliieleza siku yao ya jana kipande kwa kipande na jinsi walivyojisikia katika kila kipande. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilishika mkia. Kazi yenyewe, na kazi za nyumbani, na kupika, vyote walivivumilia vizuri kuliko kwenda kazini. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu ndani ya basi, jirani akasogea pembeni.

Sasa yule kaka angekuwa na haki yake ya kunishauri kama ushauri wake ungekuwa na mlango wa kutokea. Nihamie mjini, nikalipe nini? Halafu hata huku kwenyewe pamebadilika. Miezi michache baada ya mimi kuhamia, njia ya basi ikaboreshwa, wakachora mstari wa mabasi peke yake kwenye sehemu ya barabara, safari ikapungua kama dakika kumi. Nilifurahi sana. Furaha ilidumu mpaka mwenye nyumba alipokuja, amevaa vizuri, hakutaka hata kukaa. "Mwanangu, si unaona usafiri ulivyokuwa mzuri?" Nikajua. Kodi juu. Zile dakika kumi nilizookoa barabarani amezikusanya yeye, na basi hapandi, ana gari. Mchumi mmoja, William Alonso, alishaliweka hili kwenye kanuni mwaka 1964: kadiri unavyookoa safari kwa kuwa karibu, ndivyo ardhi ya hapo inavyopanda bei. Mwenye nyumba wangu hajamsoma, lakini anaitekeleza bila kukosea hata mwezi mmoja.

Kwa hiyo ile asilimia 15 yangu siku hizi ni kama 10. Irudieni hesabu wenyewe, mimi sina moyo.

Nyota moja tena.

Kuna mtu atasema tatizo ni nauli, ipunguzwe. Luxembourg tangu Machi 2020 mabasi, tramu na treni ni bure nchi nzima, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Naonea wivu kitu kimoja tu: huko hakuna wa kukukata mara mbili. Lakini basi la bure lisilokuja halitofautiani na basi la kulipia lisilokuja, na hata la bure ukilipanda kutoka mbali bado linakula saa zako. Mimi ningelipa nauli hiyo hiyo, hata na kidogo juu, kama ule ubao ungesema 3 na ukamaanisha 3.

Sasa hapa naomba niseme jambo ambalo linaniharibia hoja. Kuna dereva mmoja wa zamu ya alfajiri, mtu mzima, ana miwani imefungwa uzi mguu mmoja. Siku moja nilichelewa kutoka, ile kona ya mwisho naikata mbio, viatu mkononi kwa sababu ya tope, naliona basi taa zinawaka linaanza kuondoka. Nikasimama, nikakata tamaa, hata mkono sikuinua. Likasimama. Alinisubiri nikatembea yote iliyobaki, nikapanda, nikapitisha kadi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Vaa viatu kwanza, mwanangu, ndipo niondoe." Basi zima likasubiri nivae viatu! Kiatu cha kushoto kamba ilikuwa imefunga fundo. Hakuna aliyeguna.

Na mimi nimekaa hapa naandika kurasa kwa ajili ya mtu mmoja wa dirishani, huyu nampa mistari sita. Najiona. Lakini hasira ndiyo inayoshika kalamu, shukrani hulala mapema.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mjini kuangalia chumba. Nilishaamua kumtii yule kaka. Dalali mwingine, maneno yale yale, ila safari hii kweli kituo kilikuwa chini ya dirisha, unasikia milango ya mabasi ikihema. Chumba kilikuwa kidogo kuliko kile cha zamani. Nilisimama katikati nikanyoosha mikono, vidole vikagusa ukuta huku na ukuta huku. Aliponitajia kodi nilimwomba arudie, akarudia, haikupungua. Nikamwambia nitampigia.

Kurudi nikapata kiti cha dirishani. Basi halikuharibika. Nilisinzia kuanzia darajani, nikaamka mwisho wa njia, konda ananigusa bega, "Dada, tumefika." Zile dakika kumi na saba nikazitembea bila haraka, kulikuwa hakuna mvua.

Wekeni nyota tatu. Au mbili na nusu, kama nusu inakubalika. Chumba sijampigia dalali na sidhani kama nitampigia mwezi huu.

Nauli yangu ya pili bado hawajanirudishia. Kila jioni nikipita pale dirishani nagonga mara mbili, kisha naendelea na safari yangu.