Sakafu ya mfupa wa samaki: pima mpindo wa kigae kabla ya kuuliza rangi

Tangu mvua zianze, malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji wa Lubumbashi yamekuwa yakifanana kiasi cha kunishangaza. Msomaji wa Bel-Air anaandika kwamba watoto wanajikwaa sebuleni ingawa sakafu ni mpya. Wa Golf anasema kila anapowasha taa ya pembeni usiku, ncha za vigae hutupa vivuli vidogo ukumbi mzima. Wa Kampemba ameacha kuvuta kochi lake kwa sababu miguu ya kochi inakwama, na udongo mwekundu unaoingia na viatu umejipanga kwenye vizingiti ambavyo havikupaswa kuwapo. Wote walinunua vigae virefu vyenye sura ya mbao, wote walivilaza kwa mtindo wa mfupa wa samaki, yaani vipande vikikutana kwa pembe mraba kama zigizagi, na wote wanamlaumu fundi. Nimeangalia picha zao kwa makini, na katika nyingi kati ya hizo namtetea fundi.

Sitapoteza nafasi kwa rangi, kwa mng'ao, wala kwa swali la iwapo sura ya mwaloni inapendeza kuliko sura ya mvule, kwa kuwa hayo kila mtu huyaona kwa macho yake dukani. Kitu ambacho mnunuzi hakioni, na ambacho muuzaji hana haja ya kumwonyesha, ni kwamba kigae kirefu mara nyingi hakijanyooka. Kikiwa tanuruni, kwenye joto la karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi, mwili wake na rangi ya juu havisinyai sawasawa, na kadiri kigae kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyopata nafasi ya kujikunja: katikati hupanda kidogo na ncha hushuka. Hata kigae kinachotimiza kanuni ya kimataifa ya ISO 13006 kinaruhusiwa kupinda hadi karibu milimita 2. Kwenye kigae kimoja kilichosimamishwa ukutani dukani, milimita 2 si kitu. Kwenye sakafu ya mfupa wa samaki ni ugomvi wa nyumbani.

Sababu iko katika mpangilio wenyewe. Ukilaza vigae kwa safu zilizonyooka, ncha ikitazamana na ncha, sehemu zilizoshuka hukaa pamoja na zilizopanda hukaa pamoja, kwa hiyo mpindo hujificha. Katika mfupa wa samaki, kila kipande husogezwa mbele ya mwenzake kwa upana wa kipande kimoja. Chukua kigae cha sentimita 15 kwa 60: kona yake iliyoshuka haikai tena kando ya kona ya jirani, bali inakaa robo ya safari ndani ya ubavu wa jirani, mahali ambapo jirani ameshaanza kupanda. Kizingiti kinazaliwa hapo, na kinajirudia kwa kila kipande, chumba kizima, hata kama fundi ana mkono wa dhahabu. Vile vibanio vya plastiki vya kusawazishia vinasaidia kusawazisha gundi iliyo chini, lakini havina uwezo wa kukinyoosha kigae kilichochomwa kikiwa kimepinda.

Wauzaji wetu wamejifunza kujibu hoja hii kwa neno moja, «rectifié», na ni lazima niseme wazi kwamba neno hilo halitibu ugonjwa huu. Kigae cha namna hiyo kimesagwa kingo zake kwa mashine baada ya kuchomwa, ili urefu na upana wa vigae vyote ulingane na viungo viweze kuwa vyembamba. Jambo hilo ni muhimu sana, kwa sababu katika mfupa wa samaki tofauti ya milimita moja katika upana hujikusanya kutoka kipande hadi kipande mpaka mstari wa ncha unaanza kutangatanga kabla hujafika ukuta wa pili. Hata hivyo, kusaga kingo hakugusi uso. Kigae kinaweza kuwa na kingo za kifalme na tumbo la kupinda.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji chombo cha fundi. Omba vigae viwili kutoka katoni moja, vilaze uso kwa uso, kisha utazame mwanga unaopita kwenye ncha. Kama cha juu kinazunguka ukikisukuma kwa kidole, angalau kimoja kina tumbo. Baada ya hapo chukua kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76, uijaribu kwenye mwanya wa kila ncha. Kadi moja ikipita kwa shida, kila kigae kimepinda kwa wastani chini ya nusu milimita, na fundi mzuri ataweza kuishi nacho. Kadi mbili zikipita pamoja, rudisha vigae mahali pake uage kwa heshima. Rudia na vigae vya katoni nyingine, usikubali ile iliyokwisha kufunguliwa kwa ajili ya wateja.

Sasa chaguo zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa porselini, aina ya kigae kigumu, iliyosagwa kingo, ya vipande vifupi, visivyozidi sentimita 60, na hapa sifichi upendeleo wangu: naipendelea Marazzi, kampuni ya Sassuolo nchini Italia iliyoanzishwa mwaka 1935, na hasa vigae vyake vya Treverk vyenye sura ya mbao. Katika katoni nilizowahi kuzipima kwa kadi, hizo ndizo zilizonipa wasiwasi mdogo zaidi, na sura za mbao hazijirudii upesi, jambo ambalo katika mpangilio huu huonekana kuliko katika mwingine wowote kwa sababu jicho hufuata mistari. Ubaya wake ni bei, na ubaya wa pili ni kwamba hapa kwetu mara nyingi huagizwa badala ya kukutwa dukani, kwa hiyo ukikosea hesabu utangoja. Ubora huu pia una mpaka wake: urefu ukifika sentimita 120, sikubali kuununua kwa ajili ya mfupa wa samaki bila kupima, hata kwa jina hilo ninalolipenda. Wapo wanaonisifia Par-Ker ya Porcelanosa, ya Hispania. Uso wake ni mzuri kweli, ila vipande vyake vingi ni virefu mno kwa chumba cha kawaida, na mfupa wa samaki wa vipande virefu katika chumba cha meta 4 kwa 4 unakatwa na ukuta kabla haujaanza kusomeka.

Nafasi ya pili itawashangaza wengine: mbao halisi ya mulombwa, yaani mninga, iliyokatwa na seremala wa hapa hapa. Wasomaji hunijibu mara moja kwa kutaja mchwa, na wana haki, kwa kuwa tunaishi katika mji ambao matofali yake mengi yametokana na udongo wa vichuguu. Lakini kiini cha mninga, ile sehemu ya kahawia ya ndani, hustahimili mchwa vizuri. Kinacholiwa ni sehemu nyeupe ya nje, ambayo seremala mwenye haraka huiacha kwenye ubao ili asipoteze mti. Kataa kila kipande chenye ukingo mweupe. Sifa ya pili ya mninga, ambayo haitajwi vya kutosha, ni kwamba husinyaa kidogo sana ukilinganishwa na mbao nyingi, na kwa mji wenye kiangazi kikavu kuanzia Mei na kisha miezi ya mvua nzito, hilo lina thamani kuliko mng'ao wowote. Na mbao, tofauti na kigae, husawazishwa baada ya kulazwa: mashine ya msasa inapita juu ya sakafu nzima na vizingiti vinaondoka. Sharti ni kwamba ubao uwe umekauka kikamilifu kabla ya kukatwa, na vipande vyote viwe vya upana uleule. Pima kumi kwa rula ya chuma. Seremala akiudhika, ujue kwa nini.

Hapo pia ndipo penye hatari ya kuagiza kitu kingine bila kujua. Vipande vya mfupa wa samaki vina ncha za mraba, na ncha ya kimoja hugusa ubavu wa kingine. Upo mtindo wa pili ambamo ncha hukatwa kwa mshazari ili vipande viwili vikutane kwenye mstari mmoja ulionyooka, kama mishale iliyopangwa. Vipande vya mtindo huo havirudi kuwa vya mfupa wa samaki, kwa hiyo mchoro uandikwe kwenye karatasi ya oda, usiachwe kwenye maelezo ya mdomo.

Nafasi ya tatu ni vinili, yaani sakafu ya plastiki, ya kubandikwa kwa gundi, ya aina zinazotengenezwa na Gerflor au Tarkett. Haina tumbo kwa sababu ni laini, na kwa tatizo ninalolizungumzia hiyo ni sifa kubwa. Lakini ulaini huohuo huifanya isifiche chochote: kila kokoto na kila shimo la saruji iliyo chini litajitokeza juu baada ya muda, hivyo fedha uliyookoa kwenye vinili utailipa kwenye kusawazisha sakafu. Weka rula ya meta 2 juu ya saruji. Mwanya chini yake usizidi milimita 3. Chumba chenye dirisha kubwa linalopokea jua la mchana kisiwekewe vinili.

Lamini ya kubofya, yaani mbao bandia zinazofungana kwa kufuli, naiweka ya nne, nikiwa na maelezo mafupi. Kwa mfupa wa samaki kwa kawaida huuzwa katika vipande vya kulia na vya kushoto, kwa idadi sawa, kwa kuwa kufuli zake zinatazama pande tofauti. Nimesikia wasomaji waliopewa katoni za upande mmoja tu na kuambiwa kwamba fundi atajua la kufanya, wakati hakuna la kufanya. Maji yakiingia kwenye kiungo, kiini chake huvimba na hakirudi.

Vigae vya bei ya chini visivyosagwa kingo vilazwe kwa safu zilizonyooka na viungo vipana, navyo vitapendeza. Ama vile vya sentimita 60 kwa 60 vilivyochapwa picha ya mfupa wa samaki juu yake, mtu anunue kama anataka picha.

Sasa niruhusiwe kusema juu ya wauzaji, kwa sababu nusu ya hasara hizi haitoki kiwandani. Kwanza ni bei. Unatajiwa dola, unadhani ni za meta mraba, kumbe ni za katoni, na katoni ya vigae 12 vya sentimita 15 kwa 60 ina meta mraba 1.08; nyingine inayofanana nayo kwa sura ina vigae vichache zaidi, na bei ni ileile. Ukiuliza kwa nini imepanda tangu wiki iliyopita, jibu ni barabara, ni mpaka wa Kasumbalesa, ni dola, na yote hayo yanaweza kuwa kweli. Ila sijawahi kuona barabara ikitengenezwa na bei ikashuka. Pili ni katoni kutofunguliwa. Muuzaji atakuacha upapase kigae cha maonyesho kilichochaguliwa kati ya mamia, lakini ukiomba viwili kutoka stoo unaambiwa, «Mama, karo ni karo,» yaani kigae ni kigae. Kama karo ni karo, basi kuzifungua hakutamdhuru mtu.

Tatu, na hili ndilo linalonikera kuliko yote, ni kuchanganya. Kwenye ubavu wa kila katoni pamechapwa kalibri, yaani kundi la ukubwa halisi, pamoja na namba ya toni ya rangi na daraja la chaguo, yaani la ubora. Katoni mbili zenye jina moja na kalibri tofauti ni vigae viwili tofauti, na katika mfupa wa samaki haviwezi kukaa chumba kimoja. Msomaji wa Kampemba alinitumia picha ya katoni zake baada ya kazi kwisha: kalibri mbili, na baadhi zimeandikwa chaguo la pili, zote kwa bei ya chaguo la kwanza. Duka lilimjibu kwamba alipokea mzigo bila kulalamika.

Kwa hiyo hesabu yako ifanywe yote mara moja na mzigo utoke siku moja. Mtindo huu hupoteza vipande vingi kwenye kuta, kwa hiyo ongeza asilimia 15 juu ya eneo: chumba cha meta 4 kwa 5 kina meta mraba 20, utahitaji 23, ambayo kwa katoni za 1.08 ni katoni 22. Usikubali kuchukua 18 leo na nyingine «zikija», kwa sababu zitakazokuja zitakuwa za kalibri nyingine. Kwenye risiti, kabla hujatoa dola moja, andikisha jina la kigae, kalibri, toni, chaguo la kwanza, na kwamba katoni zilizofungwa zitarudishwa kwa bei ileile. Muuzaji akikataa kuandika hilo la mwisho, punguza bei kwa thamani ya katoni moja; akikataa kuandika kalibri, nenda duka linalofuata.