Slaidi ipi ya gitaa ununue kama ndiyo kwanza unaanza: kuanzia ya kwanza hadi ya kuachana nayo

Kabla hujatoa hela yoyote, jua kwamba tyuni ya wazi, yaani kupanga nyuzi ili zikipigwa bila kubanwa zitoe kodi nzima (noti kadhaa zinazolia pamoja), hainunuliwi. Chukua gitaa lako lilelile, legeza uzi wa 6, wa 5 na wa 1, kila mmoja kwa toni nzima. Sasa nyuzi zako, kutoka mnene hadi mwembamba, ni D-G-D-G-B-D. Pitisha kidole bila kubana popote: tayari una kodi kamili ya G. Weka slaidi, bomba fupi la kuvaa kidoleni, kwenye freti (waya wa chuma unaokatiza shingo ya gitaa) ya 5 upate C, ya 7 upate D, ya 12 urudi kwenye G ya juu. Ukiwa na sehemu hizo unaweza kupiga blues nyingi tu. Anayekwambia uanze kwa kununua gitaa la pili anakuharakisha.

Cha kununua ni slaidi, lile bomba fupi linalovaliwa kidoleni. Watu hubishana usiku kucha kuhusu kioo na chuma, ilhali kinachomtesa anayeanza ni saizi. Ikilegea, inazunguka kidoleni na kugonga freti. Ikibana, kidole kinakufa ganzi kabla wimbo haujaisha. Dukani ivae, ning'iniza mkono chini, utikise kidogo. Isianguke, na isihitaji mkono wa pili kuivua. Halafu ilaze juu ya nyuzi kwenye freti ya 12 na upige zote sita. Kama uzi wa pembeni haulii, slaidi ni fupi mno au imepinda. Nenda na kipimo cha kidole utakachotumia kweli. Kati ya wapigaji maarufu wa slaidi, Muddy Waters aliivaa kidole cha mwisho, Duane Allman cha pete, Bonnie Raitt cha kati, na wote walisikika vizuri. Kwa anayeanza mimi napendekeza cha pete: kina nguvu, na nyuma yake unabaki na vidole viwili vya kugusa nyuzi kwa upole ili zisipige kelele upande wa vigingi (vile vya kukazia nyuzi). Hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna slaidi itakayokufanyia.

Namba moja: kioo chenye ukuta mnene. Kinateleza bila kukwaruza, sauti yake ni laini, na makosa ya mkono hayapigi kelele sana. Uzito wake ni wa wastani, kwa hiyo unajifunza kuweka slaidi juu ya uzi badala ya kuukandamiza. Kioo chembamba kiache. Ni chepesi mno, sauti inakatika haraka, na hakivumilii kuanguka sakafuni. Angalia pia kama kuna mshono ndani au kingo zenye makali. Na usidhani lazima kiwe cha kifahari: Allman alitumia kichupa cha dawa ya mafua ya Coricidin.

Namba mbili: shaba ya njano. Ni nzito, na uzito huo unafanya noti idumu. Kwenye gitaa lisilo la umeme hilo ni jambo kubwa. Ila mkono wa mgeni ukichoka, uzito huohuo unausukuma uzi hadi ugonge freti. Kama nyuzi zako zimeinuka kutoka shingoni kuliko kawaida, shaba inapanda kuwa namba moja kwangu. Hupoteza mng'ao na kuacha harufu kidoleni; kitambaa kinatosha.

Namba tatu ni kauri. Sauti iko katikati ya kioo na shaba, na zile ambazo hazijapakwa rangi ya kung'aa kwa ndani hunyonya jasho kidogo, kwa hiyo hazitelezi kidoleni. Nzuri, ila mara nyingi saizi ni chache.

Namba nne, chuma chembamba kilichopakwa kromu. Hii ndiyo utakayoiona kila mahali kwa sababu ni ya bei rahisi. Sauti yake ni kali na kila mkwaruzo unasikika. Inafaa kwa gitaa la umeme lenye sauti nzito; kwa kujifunzia itakukatisha tamaa.

Mwisho kabisa, pete fupi zinazofunika uzi mmoja au miwili. Wapigaji wazoefu huzipenda kwa kuwa vidole vinabaki huru, lakini faida yote ya tyuni ya wazi ni kodi nzima kwa mkao mmoja. Ukinunua pete, umeitupa.

Hela iliyobaki iende kwenye nyuzi. Seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012 au 0.013 kwa gitaa la akustika (lisilo la umeme), si 0.010. Ukishazilegeza zinakuwa laini, na nyuzi nyembamba zitazama hadi kwenye freti. Nyuzi za nailoni usijisumbue nazo kwa slaidi. Ukitamani sauti ya E ya wazi, usivute nyuzi nene kwenda juu na kulibebesha gitaa mzigo: tyuni D-A-D-F#-A-D, ambayo karibu yote ni kulegeza, kisha funga kapo (kibanio cha nyuzi zote) freti ya 2.

Kuna pia kipande cha chuma kinachochomekwa karibu na vigingi kuinua nyuzi zote. Ni cha bei ndogo na hakiharibu kitu, lakini subiri. Cheza kwanza na slaidi ikiwa sambamba, juu kabisa ya waya wa freti wenyewe, si nyuma yake kama unavyobana kwa kidole. Kama baada ya hapo bado inagonga, kinunue.

Na ukiona fimbo ya chuma nzima isiyo na tundu, hiyo ni ya gitaa linalolazwa mapajani. Hushikwa, haivaliwi.