Joto la Mombasa: feni gani ununue, nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ile ya kuachana nayo

Kaskazi ikishaingia, Disemba mpaka Machi, Mombasa inakuwa ile ya mtu kutoka bafuni na kabla hajavaa shati jasho limeshaanza. Mchana nyuzi 32, 33, hilo tumelizoea, shida ni usiku, joto linabaki 25 hivi na hewa imejaa unyevu, halafu inakuja tanga mbili, kaskazi imekatika na kusi haijaanza kuvuma, hapo sasa hata jani halitikisiki. Na miaka yenyewe inazidi kuwa mikali, 2023 ulivunja rekodi ya joto duniani halafu 2024 ukaupita. Ramadhani nayo siku hizi imeangukia humohumo Februari na Machi, mtu anafunga mchana kutwa na usiku hapati usingizi mpaka daku. Ndio maana msimu huu maduka ya stima ya Digo Road na Mwembe Tayari yanajaa watu wa feni, na inaniuma kuona wengi wanatoka na kitu kisichowafaa, pesa imeenda na joto liko palepale.

Kabla ya chochote jua hili moja kwanza. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka. Garissa au Lodwar jua ni kali kuliko letu lakini hewa ni kavu, jasho linakauka lenyewe hata hulioni. Hapa kwetu hewa imeshashiba maji, jasho halina pa kwenda, linateremka tu mgongoni. Kwa hivyo unachonunua Mombasa ni upepo, ile hewa iliyogandamana na ngozi iondoke ije nyingine, na ukinunua kitu kinachoongeza maji hewani umejiharibia. Shirika la Afya Duniani linasema feni utumie joto likiwa chini ya nyuzi 40, likipita hapo inakupulizia moto tu. Mombasa hatufiki 40, kwa hivyo kwetu feni inafanya kazi na usikubali mtu akwambie bila AC huponi.

Ya kwanza kabisa ni feni ya dari. Upepo wake unafika chumba kizima, haichukui nafasi chini, watoto hawatii vidole, na inadumu miaka. Chumba cha kulala cha futi kumi kwa kumi inchi 48 inatosha, sebule chukua 56. Za kawaida zinakula wati 70 hivi, lakini siku hizi kuna zile za mota mpya zinaitwa BLDC, zinakuja na remoti, zinakula kama wati 30 na upepo ni uleule. Tuseme uniti moja ya stima, yaani wati 1,000 kwa saa moja, ni shilingi 30 kwa hesabu rahisi, ukiiwasha masaa kumi ya usiku ya kawaida ni kama shilingi 21 na ya BLDC ni 9. Bei ya BLDC dukani iko juu, karibu mara mbili, ila kama nyumba ni yako na feni inazunguka usiku na mchana msimu mzima, mimi naona hiyo ndio ya kununua, na ukiwa na inverta ya betri, ile ya kukuwashia vitu stima ikipotea, itakupeleka mara mbili ya muda.

Sasa dukani usiangalie rangi na marembo. Ishike mota uisikie uzito, mota nyepesi sana mara nyingi ndani ni waya wa aluminiamu badala ya kopa, uliza waziwazi na umwambie aandike kwenye risiti. Mapanga chukua ya aluminiamu, ya chuma hewa ya bahari inayamaliza, utaona kutu inaanzia pale kwenye skurubu inakuja taratibu mpaka panga linapinda na feni inaanza kuyumba. Hapa chumvi hailali, wa Likoni, Nyali na Mji wa Kale mwaelewa nasema nini. Fundi akiifunga hakikisha kutoka sakafuni mpaka kwenye mapanga ni futi saba au zaidi, na ndoana iwe imeshika kwenye slebu au kwenye mbao ngumu, isiwe kwenye silingi bodi. Ikifika siku inazunguka polepole hata ukiweka namba ya mwisho usikimbilie kununua nyingine, mara nyingi ni kapasita tu, kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuzunguka, kitu cha bei ndogo fundi anakibadilisha dakika chache.

Feni ya dari ina mambo mawili ya kuwaza. Moja ni chandarua, na Mombasa huwezi kulala bila chandarua. Kile cha mviringo kinachoning'inia katikati ya chumba hakikai pamoja na feni, kitavutwa, chukua cha pembe nne cha kufunga kwenye nguzo za kitanda, chenye matundu makubwa kidogo upepo upite. Hata hivyo utapungua, ukubali. La pili ni mabati. Nyumba ya mabati isiyo na silingi, au fleti ya juu kabisa ambayo slebu imepigwa na jua toka asubuhi, ile hewa ya juu ni moto mtupu na feni ya dari inakuteremshia wewe. Ukiwa kwenye nyumba ya namna hiyo ruka uende ya pili.

Ya pili ni feni ya kusimama, na kwa wapangaji wengi wa Kisauni, Bombolulu, Mikindani huenda hii ndio ya kwanza kwao maana mwenye nyumba hataki dari itobolewe na ukihama unahama nayo. Inchi 16 au 18, wati 50 mpaka 60, dukani ni elfu tatu mpaka tano hivi. Angalia kitako, cha duara kizito ni bora kuliko kile cha miguu minne ya msalaba ya plastiki, hicho mtoto akipita mbio imeanguka na shingo imevunjika. Faida yake kubwa ni kwamba unaielekeza utakako. Jioni jua likishatua, nje kukianza kupoa kuliko ndani, iweke karibu na dirisha la upande wa upepo ikuvutie hewa ya nje, na fungua dirisha au mlango wa upande wa pili ile hewa moto ipate pa kutokea, bila tundu la kutokea inazungusha joto lilelile. Usiku ielekeze ubavuni mwa kitanda, inapenya chandarua vizuri kuliko ile ya dari. Na kila baada ya wiki chache fungua kava ufute mapanga, vumbi na chumvi vikigandana upepo unapungua na mota inachemka.

Ya tatu feni ya chaji. Stima ikipotea saa nane ya usiku mwezi wa Februari na una mtoto mchanga ndani, hii utaiombea dua njema aliyeitengeneza. 2023 nchi nzima ilizima zaidi ya mara moja na masaa yalikuwa mengi. Lakini nunueni kwa akili jamani, maneno ya boksi yanasema masaa kumi na mbili na hiyo ni kwa spidi ya chini kabisa. Piga hesabu mwenyewe: betri ya volti 12 na Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa) ukizidisha ni kama wati-saa 84, feni ikila wati 20 ni masaa manne kwenye karatasi, kiukweli utapata matatu hivi. Ya lithiamu ni ghali ila inavumilia, zile za asidi na risasi ukiziacha zimeisha chaji miezi mitatu mvua ikinyesha, ukija kuziwasha zimekufa. Kila mwezi ichaji hata kama huitumii. Ikiwa na tundu la kuchomeka pleti ya sola bora zaidi, jua tunalo.

Ya nne AC, na nimeiweka ya nne kwa sababu ya tokeni za stima tu, kwa ubaridi hakuna inayoifikia, nayo inafanya kitu ambacho feni haiwezi, inatoa unyevu hewani. Kama nyumbani kuna mzee, mgonjwa wa moyo au mama aliyejifungua juzi, na pesa ipo, nunua na usijute. Chumba kidogo BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inatosha, kubwa kushinda chumba inapoza haraka halafu inajizima kabla haijakausha hewa. Chukua ya inverta, hapa maana yake ni mota inayojipunguza kasi chumba kikishapoa, si ile ya betri, tuseme wastani inakula wati 600, masaa manane ni karibu uniti tano, hapo ni kama shilingi 150 kwa usiku, na kwa mwezi peke yake utavuka uniti 100 ambapo bei ya uniti inapanda. Sehemu ya nje uliza kama mapezi, zile bati nyembamba za kutoa joto, yamepakwa ile rangi ya bluu au ya dhahabu ya kuzuia chumvi. Kwenye remoti tafuta alama ya tone la maji, ndio ya kukausha hewa, au weka 26 na feni ndogo pembeni, utalala vizuri na mita itakuhurumia. Zile AC za magurudumu zenye bomba moja la kutoa dirishani zinavuta hewa moto ya nje iingie kupitia chini ya mlango, siwezi kukushauri.

Ya mwisho kabisa ni ile feni ya maji, eakula, yenye tangi la kutia maji na barafu. Hii ndio imewatoa watu pesa zaidi hapa mjini, elfu nane, elfu kumi na tano, kwa sababu ukisimama mbele yake dukani kweli unasikia ubaridi. Ubaridi wake unatokana na maji kugeuka mvuke, na hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu asilimia 70 haiwezi kuishusha chini ya 27 hivi hata ikijitahidi vipi, halafu hewa inatoka imelowa. Ufunge mlango nusu saa, shuka zinakuwa majimaji, ukuta unatoa harufu ya ukungu na jasho halikauki kabisa. Kama una ndugu Wajir au Mandera mshauri yeye anunue, kule kiangazi hewa ni kavu na itamfaa vizuri sana. Hapa kwetu hapana.

Ukiweza nenda dukani Oktoba au Novemba, Januari ikifika zile nzuri zimeisha na zilizobaki zimepandishwa bei. Kabla hujalipa mwambie aichomeke, iende spidi zote dakika kumi, weka mkono juu ya mota, ikiwa imeshapata moto au inatoa harufu ya kuungua mwambie akupe nyingine, na waranti iwe na muhuri wa duka na tarehe.