Barnga: karata 28 zinazomfundisha mwanachuo kuishi na wenye kanuni nyingine

Mchezo huu ulibuniwa na Sivasailam Thiagarajan mwaka 1980 nchini Liberia, na jina lake limetokana na mji wa Gbarnga. Kwa mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi wa nchi mbalimbali, ni zoezi la gharama ndogo lenye faida kubwa.

Kila meza inahitaji ree na karata za mbili hadi saba za kopa, uru, shupaza na pau. Wakikaa wanne, kila mmoja anapata karata saba. Wanasoma kanuni na kujizoeza kwa dakika tano, kisha karatasi za kanuni zinakusanywa na hakuna tena kusema wala kuandika neno. Ishara na michoro ruksa. Baada ya kila raundi mshindi anapanda meza ya juu, wa mwisho anashuka. Wasichoambiwa ni kwamba kanuni zinatofautiana: huku ree inakula zote, kule inaliwa na zote; huku turufu ni uru, kule shupaza, pengine hakuna turufu kabisa.

Mgeni akizuiwa kuchukua karata alizoamini amezila, huona anadhulumiwa. Thamani ya mchezo iko hapo. Kanuni karibu zote ni zilezile, na kufanana huko ndiko kunakomponza. Mkenya aliyehamia chuo cha Dar es Salaam anaijua hali hii: Kiswahili ni kimoja, lakini "nipe maji" yake, ombi la kawaida kabisa Nairobi, husikika kama amri kwa waliozoea "naomba maji".

Meza mbili hazitoshi; andaa nne au zaidi, na zinazofuatana zisiwe na kanuni sawa, la sivyo anayehama hakutani na kitu kipya. Wapo wanafunzi wasiogusa karata kwa sababu za dini: kata kadi za manila za rangi nne, kila rangi namba 1 hadi 7, na mchezo haupungui kitu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufupisha mazungumzo ya mwisho. Tenga nusu saa. Anza na walivyojisikia, uliza nani walidhani anakosea na kwa nini, ndipo ufichue kanuni. Wengine huwa bado hawajagundua. Ukifichua mapema, wanacheka na kuondoka.

Usiutegemee kuwapa stadi. Unafungua macho tu, tena mara moja: aliyewahi kuucheza anaijua siri. Ufuatishe na kazi ya vikundi mchanganyiko ya wiki kadhaa.