Geji ya mvuto wa injini: miezi sita nikiitumia kwenye Land Rover ya baba, Tanga

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja naikata kwa sababu ya mpira wake, nitafika huko.

Gari ni Land Rover Series III ya petroli, injini ya cc 2286, kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) aina ya Zenith. Baba alilinunua likiwa limechoka kutoka shamba la mkonge upande wa Muheza, na hadi leo akisikia mlio wake hutoka nje kuliangalia. Shida ilikuwa sailensi, yaani injini inapozunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta. Barabarani linakwenda vizuri, lakini ukisimama tu injini inarukaruka, usukani unatetemeka, na usipokanyaga mafuta inazima. Asubuhi ilikuwa afadhali. Ikishapata moto ndiyo balaa.

Mwaka mzima nimezunguka gereji. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na pointi (swichi ndogo inayokatakata umeme ili plagi zitoe cheche). Wa pili aliosha kabureta. Baada ya wiki mbili nikamrudia, akaiosha tena na kukaza skrubu kwa nguvu zake zote. Wa tatu akaniambia ning'oe injini nifunge ya Toyota. Hapo niliumia. Hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Walisikiliza kidogo, wakashika bisibisi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Ngamiani aliyekwisha kustaafu ufundi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza, "Mwanangu, injini yako inavuta kiasi gani?" Sikuelewa swali lenyewe. "Injini ni pampu," akasema. "Kipepeo cha kabureta, kile kibati cha kupitisha hewa, kikijifunga, pistoni zinavuta hewa na hewa haiji ya kutosha. Pima huo mvuto kwanza, kabureta baadaye." Nikaagiza geji kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Shilingi 60,000 pamoja na gharama ya kuituma kwa basi.

Ni duara la kusomea lenye mshale, mpira, na vichwa vitatu vya kuungia. Namba zake ni inchi za zebaki, kipimo cha nguvu ya mvuto. Injini nzima ya petroli huku pwani, ikiwa kwenye sailensi, husoma kati ya 17 na 21 na mshale umetulia. Walio milimani wasishtuke: kila mita 300 za mwinuko hula karibu inchi moja, kwa hiyo gari la Lushoto likisoma 15 huenda halina ugonjwa wowote. Karatasi ya maelezo haisemi neno juu ya hili, na mtu wa Usambara anaweza kuifungua injini yake bure.

Gari letu lina servo ya breki (kifaa kinachotumia mvuto wa injini kulainisha breki), hivyo nilichomoa mpira wa servo kwenye manifoldi, bomba linalopeleka hewa kwenye silinda, nikachomeka geji hapo. (Usiliendeshe likiwa hivyo, breki zitakuwa ngumu mno.) Injini ilipopata moto mshale ukasoma 14, ukaelea polepole hadi 16, ukarudi. Kwangu mimi hapo geji ilikwisha rudisha fedha yangu. Vavu iliyoungua hudondosha mshale kwa mapigo, kila zamu ya silinda ile inapofika. Taimingi (wakati wa cheche) iliyochelewa huushusha lakini unatulia hukohuko chini. Kuelea polepole mara nyingi ni mchanganyiko wa hewa na mafuta. Injini yenyewe ya baba ilikuwa haina kosa.

Nikahakikisha pengo la pointi ni 0.4 mm. Kisha nikanyunyizia maji kidogo kwenye gasketi ya manifoldi na kwenye kitako cha kabureta, maana kama pangekuwa na mahali panapovuta hewa, maji yangepaziba kwa muda na mshale ungepanda. Haukupanda. Wapo wanaonyunyizia petroli. Kwenye injini hii manifoldi ya ekzosi iko palepale, ni kujitafutia moto. Mwisho nikafunga yote skrubu ya mchanganyiko, ile ya kabureta inayopitisha mafuta ya sailensi, hadi ikagota. Injini haikujali. Ilipaswa kuzima! Isipozima, mafuta yamepata njia nyingine ya kupita.

Nikaishusha kabureta, nikaifungua mezani. Niliweka rula ya chuma juu ya uso wa mfuniko, nikamulika tochi kwa nyuma, mwanga ukapita katikati. Umepinda. Ni ugonjwa wa Zenith hizi unaojulikana: madini yake ni laini, ukikaza kupita kiasi nyuso zinapinda na hazikutani tena. Yale makazo ya fundi wa pili hayakusaidia kitu. Na ile pete ndogo ya mpira ya ndani ilikuwa imekauka, ngumu kama kokwa.

Nikabandika msasa namba 400 juu ya kioo, nikaumwagia maji, nikasugua mfuniko kwa mwendo wa namba nane zaidi ya saa nzima. Haraka haifai hapa. Unasugua, unapima kwa rula, unasugua tena. Nikaweka pete mpya ya mpira unaostahimili petroli, nikakaza skrubu kwa kupishanisha, kidogo kidogo.

Mshale ukasimama kwenye 19. Kurekebisha nako kukawa kwepesi: geuza skrubu ya mchanganyiko hadi mshale ufike juu kabisa, punguza mwendo wa sailensi, rudia.

Sasa lawama. Mpira wake ni mfupi, unakulazimu kuinamia injini inayozunguka, na kwa joto la chini ya boneti umeshaanza kupasuka. Nimenunua mwingine wa mita mbili, nasoma nikiwa kwenye usukani. Pia mshale hutetemeka kidogo hata injini ikiwa nzima. Bana mpira kwa vidole utatulia, lakini usiubane mno ukaficha ugonjwa.

Jana nilisimama Soko la Mgandini kununua mboga, nikamwacha baba garini injini ikiwaka. Niliporudi ilikuwa bado inanguruma taratibu, na yeye ameegemea kiti, mguu mbali na pedali.