Kuchuja opsheni: mauzo ya siku au mikataba iliyo wazi?

Opsheni ni mkataba unaompa mwenye nao haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, na kuzichuja hapa ni kutafuta zile zenye wanunuzi na wauzaji wengi. Kwa aliye Dodoma, soko la New York hufunguliwa saa 10:30 jioni, au saa 11:30 Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma. Hapo ndipo mauzo ya siku, yaani idadi ya mikataba iliyouzwa siku hiyo, yanapopotosha. Hesabu yake huanza sifuri kila siku, kwa hiyo ukichuja dakika chache baada ya kufunguliwa, opsheni nyingi nzuri zitaonekana hazina watu. Heri usubiri hadi baada ya chakula cha usiku, au utumie takwimu za jana.

Mikataba iliyo wazi, yaani ambayo bado haijafungwa, husasishwa mara moja tu kwa siku, kabla ya soko kufunguliwa. Unaweza kuiangalia mchana ukiwa kazini Mtumba. Ila namba kubwa inaweza kuwa ya watu walioingia zamani wakatulia, kama ghala la Kibaigwa lililojaa mahindi bila mnunuzi mlangoni.

Mimi huanza na mauzo, kwa sababu yanaonyesha nani yupo sokoni leo. Nayo yana hila zake: mfuko mmoja wa uwekezaji ukinunua mikataba 5,000 kwa mkupuo, opsheni inapanda orodha, kesho kimya. Basi tazama pengo la bei. Mnunuzi akitoa dola 1.00 kwa kila hisa na muuzaji akitaka 1.30, na mkataba mmoja kwa kawaida ni hisa 100, ukinunua na kuuza papo hapo dola 30 zimekwenda, bado ada ya dalali.