Chuo cha udereva nilichokilipia, na mwalimu aliyeendesha kwa niaba yangu

Kuhusu leseni ya kujifunzia sina lalamiko, jambo ambalo sikutarajia kuliandika. Namba ya mlipakodi nilikuwa nayo, nikalipia, na shughuli ikaisha bila mtu kuniambia nirudi kesho. Hasira yangu yote ni juu ya chuo cha udereva hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja jina, na hasa mwalimu wa vitendo niliyepangiwa.

Gari la kujifunzia huwa na pedali upande wa mwalimu pia, ili aokoe pale mwanafunzi anapoelekea kubaya. Huyu bwana alizitumia muda wote. Kila nilipoinua mguu taratibu kutafuta mahali klachi inaposhika, yeye alikuwa amekwisha kukanyaga ya kwake, na nilipotaka kupunguza mwendo, gari lilikuwa limepungua kabla sijagusa breki. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikijiona nimeiva, kumbe dereva alikuwa yeye na mimi nilikuwa mshika usukani tu.

Niliyajua hayo kwenye kipilefti cha Sanamu ya Askari, Posta. Nilisimama, nikawapisha waliokuwa wakitoka kulia kama tulivyofundishwa darasani, kisha nikaondoka, na gari likazima katikati, kwa sababu safari hiyo mwalimu alikuwa akizungumza na simu na miguu yake ilikuwa imepumzika. Honi zikaanza nyuma yetu. Badala ya kunielekeza, alifunika simu kwa kiganja, akasema, "Dada, wengine mmezaliwa kuendeshwa," kisha akarudi kwenye bei ya kiwanja chake. Nilimjibu kwamba nimelipa nifundishwe, si nitabiriwe. Akacheka.

Nilipokwenda ofisini kuomba mwalimu mwingine, niliambiwa nisubiri nafasi ipatikane, kana kwamba leseni ya kujifunzia, ambayo ni ya miezi 3 tu, nayo ingekubali kusubiri. Nilisubiri hivyo hivyo. Hatimaye nikapewa mama mmoja mwenye sauti ya ukali, ambaye alivuta miguu yake nyuma kabisa na kuniacha nizime gari mara nyingi kadiri nilivyotaka, mpaka mguu wangu wenyewe ukajua klachi inashika wapi. Alasiri ile nilijifunza zaidi ya yote niliyopitia na yule bwana.

Kwa hiyo nikisema chuo kizima hakifai, nitakuwa mwongo. Mwalimu wa nadharia naye ni mzee mwenye subira, na alama za barabarani alizotufundisha ningekutajia hata ukiniamsha usiku wa manane. Nilikaa kuandika haya nikiwa nimekusudia kuwapa nyota 3. Lakini nikikumbuka kwamba saa zote zilizopotea hazikufidiwa, na kwamba yule bwana bado amepangiwa wanafunzi wapya ambao nao wanarudi makwao wakiamini wanajua kuendesha, nyota zinanitoka mkononi: nawapa 1, na hiyo wagawane yule mama na yule mzee.

Ukilazimika kwenda huko, kabla ya kulipa uliza utakaa gari la nani, na siku ya kwanza itazame miguu ya mwalimu kabla ya kuitazama barabara.